Sauti Ngeni Katika Motokaa, na Jinsi ya Kutafuta Asili Yake

Mtu akaaye viungani mwa Dar es Salaam, ikiwa ni Kinondoni au Temeke, Tandale au Mbagala, huamshwa na sauti za magari kabla ya jogoo kuwika. Huzizoea hata akaweza kusema, akiwa bado kitandani: lile ni lori la mchanga, ile ni bajaji ya jirani, ile ni daladala ya kwanza. Wengi wetu hatuna motokaa. Lakini sote twapanda, na sote twaazima au twakodi gari siku ya arusi na siku ya msiba. Tena kila mmoja wetu amepata kuketi garini na kusikia mlio usio wa kawaida, akamwona dereva akiongeza sauti ya redio ili asiusikie.

Katika mazungumzo ya leo nataka kuwaeleza jinsi ya kutafuta asili ya mlio kama huo. Neno langu kubwa ni moja, nalo ni hili: mlio ni shahidi. Shahidi huhojiwa kwanza, ndipo hukumu itolewe. Mtu afunguaye nati kabla ya kuuhoji mlio ni kama hakimu atoaye hukumu kabla ya kusikiliza. Huenda akasibu, lakini mara nyingi atamfunga asiye na hatia, na mwizi ataendelea na kazi yake.

Nalisema hili kwa kuwa nimelilipia. Miaka michache iliyopita nilinunua Toyota ndogo iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, kama yalivyo magari mengi ya nchi hii. Kila asubuhi niliwapakia watoto wangu watatu Mbagala, tukashika Barabara ya Kilwa kwenda mjini. Siku moja, Jumatano, nilisikia mlio: ko, ko, ko. Nikiongeza mwendo, nao waongeza. Nikipunguza, nao wapunguza. Nikampelekea fundi wa karibu na nyumbani. Akawasha injini chini ya mwarobaini, akaikanyagia moto, akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, mipira inayoshikilia injini imekufa." Nikatoa fedha nilizoziweka kwa sare na madaftari ya watoto, mipira ikabadilishwa. Asubuhi yake mlio ulikuwa pale pale. Nikarudi. Mara hii akasema ni shokapu za mbele. Nikakopa kwa shemeji yangu, shokapu mbili zikawekwa mpya. Mlio haukupungua. Tena sasa kiti changu kilikuwa kikitetemeka kidogo.

Na Jumapili ile nilikuwa nimewaahidi jamaa zangu kuwachukua wote hata Kibiti, kwenye arobaini ya mjomba.

Nitawaeleza mwisho wa habari hii baadaye. Kwanza yafaa tuulize: kwa nini ni vigumu kujua mlio watoka wapi? Wanafunzi wanaosikiliza wafanye jaribio hili. Mmoja aweke sikio juu ya meza ndefu ya darasani, na mwenzake aikwaruze kwa ukucha taratibu kwenye ncha ya pili. Mwenye kuweka sikio atasikia kana kwamba ukucha uko ndani ya sikio lake. Akiinua kichwa, hatasikia kitu, au atasikia kidogo sana. Sauti ni mtikisiko. Katika hewa husafiri mita 340 hivi kila sekunde. Katika chuma husafiri mita 5,000 hivi, yaani kama mara 15 zaidi. Basi gari ni chuma kilichoungwa pande zote. Sauti iliyozaliwa katika gurudumu la nyuma hupita sakafuni, ikaibuka chini ya kiti cha mbele, na dereva huapa kwamba injini ndiyo inayogonga. Sikio halikusema uongo. Njia ndiyo iliyolipoteza.

Hii ndiyo sababu ya kutotegemea swali la "wapi" peke yake, ingawa ndilo swali ambalo kila mtu hulianza. Swali la "wapi" ni la mwisho. Yako mengine matatu ya kutangulia.

Swali la kwanza ni hili: mlio ulianza lini, na kabla yake gari lilifanywa nini? Gari halibadiliki bila sababu. Labda lilibadilishwa tairi, labda lilipita katika maji mengi siku ya masika, labda liligonga shimo, labda lilibeba mifuko ya saruji, au lilitoka kwa fundi juzi tu. Mambo haya mtu huyasahau upesi, maana siku ile hayakuwa na uzito. Ni kama mgonjwa aulizwaye alikula nini juzi. Lakini mara nyingi jibu lote limelala hapo.

Swali la pili: mlio hutokea wakati gani, na wakati gani hautokei? Je, hutokea gari likiwa limesimama na injini ikizunguka, au likiwa mwendoni tu? Asubuhi injini ikiwa baridi, au baada ya safari? Ukikanyaga breki? Ukikata kona ya kushoto, au ya kulia, au zote mbili? Ukipita mashimo ya barabara za ndani za Yombo na Mwananyamala, na ukifika kwenye lami ukanyamaa? Kunyamaza kwa mlio ni ushahidi sawa na kulia kwake. Wengi hukumbuka ulipolia na kusahau ulipokoma.

Swali la tatu lina faida kuliko yote: mlio wafuata nini, injini au magurudumu? Maana katika gari mna vitu vinavyozunguka kwa hesabu mbili mbalimbali, nasi twaweza kuhesabu.

Haya, chukueni kalamu. Mzunguko wa tairi la motokaa ndogo ni kama mita 2. Basi katika kilomita 1 gurudumu huzunguka mara 500 hivi. Gari likienda kilomita 36 kwa saa, hupita mita 10 kila sekunde, na gurudumu huzunguka mara 5 kila sekunde. Likienda polepole sana, kilomita 7 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu akimbiaye bila haraka, gurudumu huzunguka mara 1 tu kila sekunde. Lakini injini iliyowashwa na kuachwa bila kukanyagwa huzunguka kama mara 750 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 12 kila sekunde, hata kama gari limesimama kabisa. Waona tofauti? Mlio ambao mtu aweza kuuhesabu kwa kinywa, moja, mbili, tatu, gari likienda taratibu, si wa injini. Injini haiwezi kuzunguka polepole kiasi hicho bila kuzimika. Mlio huo ni wa gurudumu, au wa kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu.

Liko jaribio jingine la namna hiyo. Simamisha gari, weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha kanyaga mafuta kidogo kidogo. Mlio ukitokea na kupanda pamoja na injini, utafute katika injini na vitu vyake. Usipotokea kabisa, ingawa injini yazunguka kwa nguvu, basi utafute chini: magurudumu, breki, ekseli. Kadhalika mahali tambarare pasipo watu wala magari, dereva mwenye uzoefu aweza kwenda mwendo mdogo kisha akaweka gia huru. Injini itashuka, magurudumu yataendelea. Mlio ukishuka pamoja na injini, ni wa injini. Ukiendelea vile vile, ni wa magurudumu. Lakini asizime injini hata kidogo, maana injini ikizimika breki na usukani huwa vizito.

Sasa na turudi kwa habari yangu. Jumamosi mchana jirani yangu aliniambia kwamba huko Tandika yuko mzee mmoja aliyetengeneza magari tangu ujana wake. Nikaenda. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu akinywa kahawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Gari lina nini?"

"Lina mlio wa injini, Mzee. Au labda shokapu."

Akaweka kikombe chini. "Hilo ni jibu, Mwalimu, nami sijauliza swali. Niambie ulichosikia, usiniambie unachodhani."

Wasikilizaji, niliona haya. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu kwamba katika jaribio la elimu ya viumbe yampasa mtu aandike kwanza alichokiona, kisha kando aandike anachodhani, wala asiyachanganye. Nami mwalimu nilikuwa nimeyachanganya, tena nimeyalipia fedha mara mbili.

Nikamweleza: ko, ko, ko, hufuata mwendo. Akauliza, "Likisimama?" Nikasema halilii. Akanitazama. "Na hao waliokubadilishia mipira ya injini walilisikilizia wapi?" Nikajibu, "Chini ya mwarobaini, likiwa limesimama." Hakusema neno. Akapanda kando yangu, akaniambia niende taratibu kama mtu asindikizaye maiti, naye akahesabu kwa kidole juu ya goti lake. Moja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Kisha akashuka, akatembea kando ya gari huku likienda, kwanza mbele, kisha nyuma, upande wa kulia, halafu wa kushoto. Tuliporudi akauliza swali alilokuwa amelihifadhi: "Lilianza lini?"

"Jumatano."

"Jumanne lilifanywa nini? Jumatatu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jumatatu jioni nilipata pancha karibu na Mtoni. Kijana mmoja wa kando ya njia alinisaidia kubadilisha tairi la nyuma, la kushoto. Giza lilikuwa limeingia, nami nilikuwa nikizungumza na simu. Alikaza nati kwa spana fupi, gari likiwa bado juu ya jeki, akarudisha kile kifuniko cha plastiki kinachopamba gurudumu, nikamshukuru nikaenda zangu.

Mzee akakibandua kifuniko kwa bisibisi. Nati moja ikaanguka mchangani: ilikuwa imekwisha kutoka, ikawa inachezacheza ndani ya kifuniko. Mbili alizizungusha kwa vidole vyake. Mbili zilizobaki ndizo zilizokuwa zikishikilia gurudumu, nazo zilikuwa zimelegea. Matundu ya rimu yalikuwa yamekwisha kutanuka kwa kugongwagongwa na bolti.

Nilifikiri habari ya Jumapili: barabara ya kusini, mwendo wa kasi, malori yakija upande wa pili, na jamaa zangu wamejazana ndani. Sikuweza kusema kitu kwa kitambo. Kosa halikuwa la yule kijana peke yake, wala la fundi peke yake. Lilikuwa langu pia, maana hakuna aliyejua habari ya pancha ila mimi, nami nilikwenda kwa fundi na jibu badala ya kwenda na ushahidi.

Mzee hakukaza nati akaniruhusu kwenda. Alisema nati iliyocheza hivyo huharibu bolti na rimu, na kuikaza tu ni kuficha ugonjwa. Tukatafuta rimu nyingine na bolti mpya. Akanifundisha kanuni ambayo kila mwenye gari yampasa aijue: nati za gurudumu huanzwa kwa mkono, kisha hukazwa kwa kuruka, moja na ile inayoielekea, kama mtu achoraye nyota, wala si kwa kufuatana. Kisha gari hushushwa chini ndipo zikazwe mara ya mwisho. Na baada ya kwenda kilomita 50 hadi 100, hukaguliwa tena, maana gurudumu likiisha kukaa mahali pake nati huweza kulegea. Kibiti tulikwenda kwa basi.

Sasa nitawatajia milio ambayo husikika sana katika magari ya mji huu na pembezoni mwake. Kiswahili hakikosi maneno ya sauti, nasi tuyatumie sawasawa, maana fundi hawezi kusaidiwa na mtu asemaye tu kwamba gari "lalia". Je, lagonga, au lakwaruza? Lavuma, au languruma? Lapiga mluzi, au latatarika?

Mvumo mzito, kama wa ndege iliyo mbali, uongezekao kadiri ya mwendo, mara nyingi ni wa beringi ya gurudumu. Jaribio lake ni kona. Ukigeuka kulia, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukizidi wakati huo, shuku ya kushoto. Ukigeuka kushoto ukazidi, shuku ya kulia. Magari yanayopita katika maji mengi wakati wa masika hupata sana ugonjwa huu, maana maji na tope huingia yakaiharibu grisi. Lakini jihadhari: tairi lililolika vibaya nalo huvuma. Tofauti ni kwamba mvumo wa tairi hubadilika ukitoka lami ya namna moja kuingia ya namna nyingine, na wa beringi haubadiliki.

Mlio wa kualika, tak-tak-tak, usikikao unapokata kona kali huku ukikanyaga mafuta, ni wa kiungo cha ekseli ya mbele. Kiungo hiki huvikwa mfuko wa mpira uliojaa grisi. Mpira ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia, na mchanga wa pwani yetu hausamehe chuma. Mtu akiinama na kuona grisi imetapakaa nyuma ya gurudumu la mbele, ameona mwanzo wa mlio kabla mlio haujaja. Mpira mpya ni wa bei ndogo. Kiungo kizima ni cha bei kubwa.

Mlio mwembamba kama wa chuma juu ya kioo, usikikao karibu na gurudumu na kubadilika ukikanyaga breki, mara nyingi hutoka kwa pedi za breki. Pedi nyingi zimewekewa kijibati makusudi, ili zikiisha kulika kijibati kiguse sahani ya chuma na kulia. Kwa hiyo mlio ule si hitilafu. Ni mtumishi aliyetumwa kukuonya. Ukimpuuza, mlio mwembamba utageuka kuwa mkwaruzo mzito, chuma kwa chuma, na hapo sahani nazo zimeharibika, wala gari halisimami kama ipasavyo.

Mgongo mzito usikikao juu ya mashimo tu ni wa viungo vya chini: bushi zilizolika, shokapu zilizokufa, au boli jointi. Hizi za mwisho zisidharauliwe, maana ndizo zinazoshikilia gurudumu la mbele. Fundi huinua gari, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likicheza, amepata neno la kufuata.

Mluzi wa asubuhi, injini ikiwashwa wakati wa baridi au unyevu, kisha ukakoma baada ya dakika chache, mara nyingi ni wa mkanda uliolegea au uliochakaa. Mkwaruzo mwepesi wa bati, kama sahani zinazotetema kabatini, huwa ni bati la kukinga joto la bomba la moshi lililolegea. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, nayo hula mabati ya chini upesi. Mngurumo mkubwa kama wa trekta ni bomba la moshi lililotoboka. Huo si wa kuchekwa tu, kwa kuwa moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo ikiingia garini huua watu wakiwa wamelala.

Katika injini yenyewe yafaa kujua milio miwili. Wa kwanza ni mwepesi na wa haraka, tik-tik-tik, kama cherehani. Huo huwa wa valvu. Zima injini, ngoja dakika chache, chomoa kijiti cha kupimia oili ukitazame. Pengine oili imepungua, na hiyo ndiyo dawa. Wa pili ni mzito, du-du-du, utokao chini ya injini na kuzidi unapokanyaga mafuta. Huo ni mlio wa beringi za ndani. Ukiusikia, zima injini hapo hapo, hata kama ni katikati ya foleni ya Barabara ya Mandela. Gari livutwe. Kila mzunguko wa injini baada ya hapo huongeza gharama.

Na jambo moja dogo la kuchekesha: mara nyingi tak-tak ifuatayo gurudumu huwa ni jiwe dogo lililokwama katika mifereji ya tairi. Basi kabla ya kutoa fedha, tazama tairi zote nne. Tazama pia chini ya viti na ndani ya buti. Chupa tupu imewahi kuwatia watu wengi hofu ya injini.

Mafundi hodari wana njia ya kupata mahali penyewe katika injini. Huchukua bisibisi ndefu, huweka ncha yake juu ya chuma, na mpini wake kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Sauti hupanda katika chuma kama ilivyopanda katika meza ya darasani. Hekima hii ni ndugu ya ile ya madaktari. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi kuwa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa. Hapo ndipo kilipoanza kile chombo ambacho leo kila tabibu hukitundika shingoni. Lakini bisibisi si kazi ya wanafunzi, maana feni na mikanda huzunguka karibu, nayo hukamata nguo na vidole.

Labda mtu atauliza: si siku hizi ziko mashine za kompyuta, zinazounganishwa na gari zikasema ugonjwa wake? Ziko, na zina faida kubwa. Lakini mashine hiyo husoma yale tu ambayo vipimo vya gari vimeyaandika, hasa ya injini. Nati iliyolegea haina waya wa kupeleka habari. Siku ile ya Tandika, mashine ingalisema gari langu ni zima.

Chombo cha kisasa ambacho ningewashauri kila mtu akitumie ni simu yake ya mkononi. Milio ina tabia ya kunyamaza ifikapo mbele ya fundi, kama mtoto aliaye nyumbani na kutulia hospitalini. Basi abiria, si dereva, arekodi mlio unapotokea, na aseme kwa kinywa: sasa twaenda kilomita 30, sasa twakata kona ya kulia, sasa twakanyaga breki. Fundi akisikiliza hayo, amepata nusu ya kazi.

Kabla ya kumaliza, maneno machache ya usalama. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Weka vigogo imara, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Na mlio wowote ulioambatana na kutetema kwa usukani au kiti, au na breki kuwa dhaifu, ni amri ya kusimama, si shauri la kufikiriwa kesho.

Vijana wanaopenda kazi hii wasidhani kwamba ni kazi ya mikono tu. Iko elimu yake, nayo hufundishwa, kama vile katika chuo cha VETA pale Chang'ombe. Walakini msingi wake ni ule ule wa darasani: kusikiliza, kuhesabu, kuandika, kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kutazama matokeo yake. Fundi abadilishaye vitu vitatu kwa siku moja, hata mlio ukikoma, hajui ni kipi kilichoponya. Kesho atabadilisha vyote vitatu tena kwa fedha ya mtu mwingine.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi niliyaficha maradhi ya gari langu bila kujua, kwa kuwa nilisahau pancha moja ya Jumatatu jioni. Tangu siku ile naweka daftari dogo garini, karibu na usukani. Humo naandika tarehe na kila kitu gari lilichofanyiwa, hata tairi kujazwa upepo. Na kila asubuhi, kabla ya watoto kupanda, nalizunguka gari mara moja, nikizitazama nati. Mtoto wangu wa mwisho, aliyezoea kuniona, siku hizi hutangulia mbele yangu. Huzigusa kwa kidole moja moja na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano.